Uzi wa Mbuyu: Historia ya Kiondo cha Kitui na Makueni

Zamani, kibuyu kikipasuka Ukambani, nchi ya Wakamba nchini Kenya, hakikutupwa. Mwenyewe alichukua chuma chembamba chenye ncha, akatoboa vitundu pande zote mbili za ufa, akapitisha uzi huku na huku, kisha akaukaza mpaka kingo zikakutana. Ufa ukabaki na kovu la mshono, na kibuyu kikarudi kazini kubeba maji, uji au pombe. Wengine walilishona kovu hilo kwa waya wa shaba, hata mahali pa aibu pakawa pambo.

Kibuyu ni tunda. Mbegu zake zilifukiwa mvua za Oktoba zilipoanza, na mche ukatambaa ardhini au ukapanda ua. Mavuno yalipokwisha mwanzoni mwa mwaka, matunda yalikuwa yamekauka na kuwa magumu kama mti. Yalitobolewa, yakatolewa moyo na mbegu, yakasuguliwa hadi yakang'aa. Lililopasuliwa katikati lilikuwa nzele, yaani kata ya kunywea. Lenye shingo lilikuwa kitete. Kisha chuma kilitiwa motoni, na kwa ncha yake nyekundu tunda likachorwa mistari, wanyama na watu. Hayo ndiyo mapambo ya msimu wa mavuno katika nchi ya Kitui na Makueni: tunda lililochorwa kwa moto na kushonwa kwa uzi.

Na ule uzi nao ulitoka wapi? Mara nyingi ulitoka kwenye mmea mwingine wa matunda, mti wa mbuyu. Kiswahili kiliihusisha mimea hii miwili mapema: tunda la mbuyu ni buyu, unga wake ni ubuyu, na chombo kilichotokana na mung'unye mkavu nacho kikaitwa buyu au kibuyu, ingawa haina undugu wowote. Ukisafiri leo kwa barabara ya Mombasa, kuanzia Kibwezi hadi Mtito Andei, au ukishuka Kitui kusini kuelekea Mutomo na Ikutha, utaiona mibuyu ina makovu kiunoni. Magome yamebanduliwa kuanzia chini hadi pale mkono wa mtu unapofika, na mti ukaotesha ngozi mpya. Miti mingi hufa ikichunwa hivyo. Mbuyu huponya jeraha na kusubiri kizazi kijacho cha wachunaji.

Ndani ya gome hilo mna nyuzi ndefu, nyekundu kidogo, zenye nguvu. Mwanamke alizipondaponda, akazitafuna ili zilainike, akazichambua moja moja. Halafu akaketi, akalaza nyuzi chache kwenye paja na kuzisokota kwa kiganja, mbele kisha nyuma, hadi zikawa kamba nyembamba isiyokatika. Kazi hiyo haikuwa na saa wala kiti chake. Aliifanya akichunga mbuzi, akisubiri zamu kisimani, hata akitembea na mzigo mgongoni. Kusokota huchukua muda mwingi kuliko kusuka, na anayeangalia kiondo kilichokamilika haioni kazi hiyo hata kidogo.

Kamba hiyo ndiyo iliyosukwa kuwa kiondo, kikapu ambacho kwa Kikamba ni kyondo na kwa wingi syondo. Kiondo huanzia kitakoni. Nyuzi chache hupishanishwa msalaba, nazo ndizo mtande, zinazosimama. Nyuzi mbili nyingine, za mshindio, huzunguka zikipishana mbele na nyuma ya kila uzi wa mtande na kuubana katikati yao. Duara linapopanuka, msukaji huongeza nyuzi mpya za mtande. Akiziongeza mapema mno, kitako kinajikunja mawimbi. Akichelewa, kinajivuta kama bakuli. Akipatia, kitako kinalala sawasawa, na kuta zinapanda zenyewe hadi kiondo kikawa na umbo la tunda lililokatwa kichwa. Sindano haiingii. Vidole ndivyo vinavyofanya kazi ya sindano, na urembo haushonwi juu ya kitambaa bali unazaliwa pamoja nacho, kwa kubadilisha rangi ya uzi kila mzunguko.

Kiondo cha kwanza hakikuwa pambo la duka. Kilibeba mahindi, kunde na mbaazi kutoka shambani, kikaning'inizwa mgongoni kwa mkanda uliopita kipajini. Kilihifadhi mbegu. Kilikuwa pia zawadi ya mwanamke kwa mwanamke: mama kwa binti anayeolewa, mkaza mwana kwa mama mkwe. Msichana alijifunza kwa susu, yaani bibi yake, kwa kukaa karibu na kutazama. Hakuna aliyeuliza nani alianzisha ufundi huu. Jambo hilo litafaa kukumbukwa mbele ya safari.

Wanaume wa Kikamba walikuwa na kazi zao: vigoda vilivyopigwa nakshi ya waya, mikufu myembamba ya chuma na shaba, mishale na matandiko ya ngozi. Waya na shanga ziliingia kwa biashara. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, waya na ushanga. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alikaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyejulikana hadi Mombasa, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona kwa mbali mlima wenye kilele cheupe ambao jina lake sasa ni la nchi nzima. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea mto Tana. Njia alizozipita hazikufa naye. Ndizo zilizoleta rangi mpya katika mapambo ya Ukambani, ushanga ukiwa mwekundu, buluu na mweupe. Ila uzi wa kiondo uliendelea kutoka kwenye gome la mti.

Mwisho wa karne hiyo ulikuja na balaa. Ng'ombe walikuwa wamekufa kwa sotoka, mvua zikakosekana, ndui ikafuata. Wakamba hutaja miaka kwa majina ya njaa zake, na njaa ya 1898 na 1899 waliiita Ngomanisye, iliyofika kila mahali. Wakati uo huo reli ya Uganda ilikuwa ikipita katika nchi ambayo leo ni Makueni, kupitia Kibwezi na Makindu, na mwaka 1899 ikafika Nairobi. Baada ya reli ikaja kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa fedha. Kitu ambacho zamani kilitolewa kama zawadi au kubadilishwa kwa nafaka kikaanza kutazamwa kwa jicho jingine: je, kinaweza kuleta rupia?

Msomi Gerhard Lindblom kutoka Sweden aliishi Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, akakusanya vyombo na kuandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba, kilichotoka kwanza mwaka 1916 na kwa ukamilifu mwaka 1920. Wakati akiandika, mmea mgeni ulikuwa tayari umeingia Afrika Mashariki, na ndio uliobadilisha kiondo kuliko kitu kingine chochote.

Mmea huo ni mkonge. Asili yake ni Yucatán, Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida vipandwe karibu na Pangani. Safari ilikuwa ndefu, na vilivyofika hai vilikuwa 62. Kutoka kwa hivyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya Tanganyika, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ukavuka mpaka hadi Kenya. Katika nchi ya Makueni, eneo la Kibwezi likawa na shamba kubwa la Dwa. Lakini mkonge haukubaki kwa walowezi. Unavumilia ukame, mbuzi hawaupendi, na miiba yake inazuia ng'ombe. Wakulima wadogo wa Kitui na Makueni waliupanda kuwa mpaka wa shamba na ua wa boma, na baada ya muda mwanamke hakulazimika tena kwenda kutafuta mbuyu: uzi ulisimama mlangoni pake.

Kazi ya mikono ilibadilika kidogo tu. Jani hukatwa, likapasuliwa vipande, kila kipande kikabanwa kati ya ubao na kisu na kuvutwa hadi nyama ya kijani itoke na kubaki singa nyeupe. Singa huoshwa na kuanikwa juani, na ikitakiwa rangi huchemshwa. Halafu paja na kiganja, kama zamani. Mbuyu uliwapa wanawake uzi wa rangi moja ya udongo. Katani nyeupe ya mkonge ikapokea rangi yoyote. Mistari ya kiondo ikawa wazi zaidi, na nakshi zikaanza kushindana.

Kuna hadithi nyingine ya wakati huo inayosimuliwa sana. Mutisya Munge, kutoka Wamunyu upande wa Machakos, alikwenda Tanganyika katika Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza uchongaji, akarudi nao nyumbani. Kutoka kwake kikakua kizazi cha wachongaji wa Kikamba ambao vinyago vyao vilienea Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Uchongaji una mwanzilishi na tarehe. Kiondo hakina. Katika miaka ile ya vita mwanamume alipata jina kwa kuleta ufundi wa kigeni, na wanawake waliokuwa na ufundi wa nyumbani hawakuandikwa popote, kwa kuwa walichokijua kilionekana kama sehemu ya kuwa mwanamke, kama kuteka maji.

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilisukuma kazi ya matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilichimbwa matuta kwa nguvu ya mwethya, utaratibu wa zamani wa majirani kusaidiana kazi kwa zamu. Wanawake ndio waliokuwa wengi kwenye majembe. Mkonge ukapandwa kingo za matuta, na vita vya Korea vilipopandisha bei ya katani mwanzoni mwa miaka ya 1950, singa iliyokwaruliwa kwa mkono iliuzwa vizuri. Halafu bei ikaanguka. Katika miaka ya 1960 viwanda vya dunia viligeukia kamba ya plastiki, iliyokuwa ya bei rahisi zaidi. Kamba ya kufungia mizigo ikawa ya plastiki, na mikonge ya mipakani ikabaki imesimama bila mnunuzi.

Kwa msukaji, hasara hiyo ilikuwa na faida yake. Malighafi ilikuwa bure, na mwethya ulikuwa umekwisha kuwazoesha wanawake kukaa pamoja na kuweka akiba. Njaa nazo hazikuacha kuja. Ya mwaka 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka angani. Ya mwaka 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani "ninakufa nimeshika": watu walikuwa na fedha mkononi lakini hakuna cha kununua. Katika miaka hiyo familia iliyokuwa na mama anayesuka ilikuwa na tegemeo moja zaidi. Mvua ikishindwa, shamba halitoi kitu, lakini mkonge haujali mvua.

Mwaka 1975 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa wanawake, na Kenya ikajaa vikundi vya kina mama vilivyosajiliwa, vikitafuta mradi. Ukambani jibu lilikuwa tayari miguuni pa kila susu. Nairobi nayo ilikuwa imebadilika. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, pamoja na Alan Donovan walikuwa wameanzisha African Heritage, nyumba ya sanaa iliyouza kazi za mikono za Afrika kwa wageni na wakazi wa mjini. Kiondo kilipata mkanda mrefu wa ngozi, kikashuka kutoka mgongoni hadi begani, kikatiwa bitana na kifungo. Hapo ndipo sindano ilipoingia: ngozi lazima ishonwe. Mara nyingi mkanda ulishonwa na fundi wa mjini, na mfuko ukasukwa na mama wa kijijini, na sehemu kubwa ya bei ikabaki mjini.

Uzi nao ulibadilika mara ya pili. Nyuzi za sufu, zile za kufumia sweta, zilichanganywa na katani, mtande ukawa wa katani na mshindio ukawa wa rangi za dukani. Wapo waliolalamika kwamba kiondo kimeharibiwa. Lakini ukiangalia nyuma utaona kwamba kiondo kimekuwa kikibadilisha uzi tangu zamani. Kilichokaa ni kile kitako cha msalaba na zile nyuzi mbili zinazopishana.

Julai 1985 Nairobi ilipokea mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake, na wageni kwa maelfu wakaijaza mitaa yake. Kwa wengi wao kiondo kilikuwa ukumbusho wa Kenya. Katika miaka hiyo mikoba ya Ukambani na Ukikuyuni ilikuwa ikiuzwa Ulaya na Marekani, na wanawake wa Kitui walikuwa wakisuka kwa maagizo ya watu wasiowajua. Umaarufu huo ukaamsha macho mengine. Viwanda vya Asia ya Mashariki vikaanza kutoa mikoba ya mfano huo kwa wingi na kwa bei ambayo mkono hauwezi kuifikia. Soko la ng'ambo likaporomoka, na vikundi vingi vikabaki na vyondo vilivyojaa vumbi.

Tangu wakati huo Wakenya wamekuwa wakisimuliana kwamba kiondo kimeporwa kwa hataza huko Japani. Lakini hasara haihitaji hataza ili ielezeke. Sheria za hataza hulinda jambo jipya lenye mvumbuzi anayejulikana. Kiondo ni kikongwe, na mvumbuzi wake ni susu wa susu, asiye na cheti. Kutokuwa na mwenyewe ndiko kulikokisaidia kiondo kuenea, kila binti akakichukua na kukiongezea lake bila kuomba ruhusa. Kutokuwa na mwenyewe ndiko pia kulikokiacha wazi: kiwanda chochote kiliweza kukiiga bila kuvunja sheria yoyote.

Majirani wa kusini, Wataita, walipata njia. Walisajili alama ya pamoja, Taita Basket, ili vikapu vyao viuzwe kwa jina lao. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 11, iliutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Sheria hiyo inaipa jamii nzima haki ambayo hataza humpa mtu mmoja, na inazipa serikali za kaunti kazi ya kutunza rejista. Kwa hiyo kalamu iko kwenye makao makuu ya kaunti hizi mbili, Kitui mjini na mji wa Wote.

Kisha kiondo kikapata rafiki asiyetarajiwa. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Plastiki, iliyoivunja bei ya katani nusu karne kabla, ndiyo iliyoondolewa njiani. Akina mama wa mjini waliokuwa wamekiacha kiondo kwa wazee walikitoa tena, na sokoni kikaonekana pamoja na vikapu vya nyuzi za plastiki vinavyosukwa kwa mtindo ule ule. Ndiyo, hata plastiki imegeuzwa kuwa uzi wa kiondo, uzi wa nne. Na kiondo hicho kinafaa: hakiozi, hakinywi maji, na samaki hawakiachii harufu.

Siku hizi Makueni inajulikana zaidi kwa embe. Msimu ukifika, kati ya Desemba na Machi, magari hujipanga barabarani, na huko Kalamba kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika matunda ili mkulima asiuze kwa bei ya kutupa. Kitui ilianzisha kiwanda cha ushonaji, KICOTEC, ambacho mwaka 2020 kilishona barakoa kwa wingi wakati wa korona. Hatua zote mbili zina wazo moja: malighafi isitoke nyumbani bila kuongezewa thamani. Kiondo kimekuwa kikifanya hivyo tangu zamani. Jani lisilo na bei likiingia mikononi mwa mama hutoka likiwa chombo. Kinachokosekana ni watu wa kuihesabu kazi ya mama huyo, kuanzia siku alipokata jani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kiondo hakitauawa na plastiki, wala na viwanda vya nje, kwa kuwa kimekwisha kuvumilia vyote viwili. Kitauawa na bei isiyolipa kusokota. Binti wa Mutomo akiona kwamba wiki nzima ya paja na kiganja inampatia fedha kidogo kuliko siku mbili za kazi nyingine, atakiacha, na hakuna sheria itakayomrudisha. Kaunti za Kitui na Makueni zina wajibu wa kuandika jina la kiondo katika rejista kabla wanaokijua hawajaisha.

Nawe msomaji, siku utakapokinunua sokoni, usitazame mistari kwanza. Kipindue, utazame kitako. Kikilala sawasawa, uliza ni nani aliyekisuka, kisha mlipe bila kubishana.